Ufa wa chuma hauzibwi juu juu: Somo kwa wenye matrekta na matela Babati

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo methali hiyo haina ubishi. Lakini kwa fremu ya jembe la trekta, chasisi ya lori au mkono wa kuvutia tela, kuziba ufa peke yake ndiko kunakomfanya mwenye mtambo arudi kwa fundi mara tatu ndani ya msimu mmoja, kila mara ufa ukiwa mrefu kuliko ulivyokuwa.

Katika Kata ya Maisaka, ndani ya Mji wa Babati, jambo hili linagusa mifuko ya watu. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, iko kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Katesh hadi Singida. Upande wa Magugu kuna mpunga, bonde la Kiru lina miwa, mahindi na mbaazi vimetapakaa karibu kila kijiji, na ukielekea Hanang unakutana na nchi ya ngano, ambako NAFCO kwa msaada wa Kanada iliendesha mashamba makubwa kuanzia miaka ya 1970.

Kilimo cha namna hiyo hakiendi bila matrekta, majembe ya diski, haro, matela na malori ya kubeba mazao. Mitambo hiyo hufanya kazi kwenye ardhi yenye visiki na mawe, na si michache ambayo imenunuliwa ikiwa imeshatumika miaka mingi kwingine. Ndiyo maana fundi wa kuchomelea ni mtu muhimu kwa mkulima kama alivyo muuza mbegu au wakala wa mbolea.

Tatizo ni kwamba fundi huyo huyo anayetengeneza mageti na madirisha asubuhi, mchana huletewa boriti ya jembe iliyopasuka na kuambiwa aishike haraka kwa sababu mvua imenyesha. Geti likikatika mshono, halimuui mtu. Mkono wa tela ukikatika katika mpando wa Dareda kwenda Dongobesh, gari likiwa na magunia na watu waliopanda juu yake, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini chuma kinapasuka

Mkulima wengi huamini kuwa fremu hukatika kwa sababu ilizidiwa nguvu siku ile ilipokatika. Mara nyingi sivyo. Chukua waya wa kawaida, ukunje na kuukunjua mara kwa mara. Hautakatika mara ya kwanza wala ya tano, lakini mwishowe utakatika, ingawa nguvu ya mkono wako ni ile ile. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma.

Elimu hiyo si ngeni. Mjerumani August Wöhler aliichunguza katika karne ya 19 kwa kutumia ekseli za mabehewa ya reli, akaonyesha kuwa chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko kile kinachoweza kubeba mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Jembe linaloruka ruka nyuma ya trekta njia nzima kutoka nyumbani hadi shambani linarudia mzigo huo maelfu ya mara.

Uchovu huo hauanzi popote tu. Huanzia pale msongo unapojikusanya, yaani kwenye kona kali, tundu la bolti lililotobolewa ovyo, mkwaruzo mrefu wa kukatia, au mwisho wa mshono wa zamani wa kuchomelea. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa maana mshono wenyewe, ambao mwenye mali anauona kuwa dawa, unaweza kuwa ndiyo chanzo cha ufa mpya.

Dunia ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa Machi 27, 1980, katika Bahari ya Kaskazini. Jukwaa la Alexander L. Kielland, lililotumika kama malazi ya wafanyakazi wa mafuta wa Norway, lilipinduka na kuua watu 123 kati ya 212 waliokuwamo. Uchunguzi ulibaini kuwa ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa kuchomelea kipande cha kushikilia kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kipande hicho hakikubeba mzigo wowote wa maana. Lakini kilichomelewa vibaya kwenye nguzo iliyobeba mzigo, ufa ukatambaa kutoka hapo hadi nguzo ikakatika, na nguzo nyingine zikazidiwa.

Msomaji mwenye tela au lori ajiulize ni mara ngapi amemwambia fundi amchomelee ndoano ya kamba, kisanduku cha spana au kishikio cha gurudumu la akiba moja kwa moja kwenye mhimili wa chasisi. Vitu vidogo kama hivyo hufungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwapo, au huwekwa mahali pasipobeba mzigo.

Kuutafuta ufa kabla haujakutafuta

Ufa haujifichi kwa mwenye kuukagua. Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaopenya kwenye rangi, hasa pembeni ya mshono au kuzunguka tundu la bolti. Dalili ya pili ni rangi iliyonyanyuka kwa mstari ulionyooka. Ya tatu ni bolti ile ile inayolegea kila baada ya siku chache ingawa imekazwa vizuri, jambo linaloonyesha kuwa fremu inacheza.

Ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Osha sehemu unayoishuku hadi iwe safi, paka mafuta ya taa, yaache kwa dakika kadhaa yaingie, kisha futa kabisa kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo paka unga wa chaki ya kuandikia ubaoni. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Njia hii haihitaji mashine wala umeme, na kila mwenye trekta anaweza kuifanya mwenyewe.

Wakati mzuri wa kazi hiyo ni baada ya mavuno, mtambo ukiwa umepumzika, na si siku ambayo majirani wamepanga foleni ya kulimiwa. Mambo ya kukagua kwanza ni boriti kuu ya jembe, mahali mikono ya haidroliki inapoungana na jembe, mkono wa kuvutia tela pamoja na tundu la pini yake, na chasisi ya lori nyuma ya kebini na kwenye vishikio vya springi.

Kuchimbua, siyo kupaka

Mshono uliopakwa juu ya ufa bila kuuondoa ni sawa na kupiga plasta juu ya jipu. Chini ya mshono ule ufa wa zamani bado upo, ukiwa na ncha kali, kutu na grisi. Mzigo ukirudi, ncha ile huanza kutambaa kwenda juu, na mshono hukatika katikati yake.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kusafisha rangi, kutu na mafuta hadi chuma king'ae, angalau upana wa vidole viwili kila upande. Kisha hutafuta mwisho wa ufa na kutoboa tundu la milimita 6 hadi 10 mbele kidogo ya pale unapoonekana kuishia, kwa sababu ncha yenyewe huwa imetangulia kuliko jicho linavyoona. Tundu hilo la duara huondoa ncha kali na kuuzuia ufa usikimbie wakati chuma kinapopashwa moto.

Baada ya hapo ufa wote huchimbuliwa kwa grainda hadi uwe mfereji wenye umbo la herufi V, wenye uwazi wa nyuzi kama 60, unaofika hadi chini kabisa. Pale inapowezekana kufika pande zote mbili, fundi huchomelea upande mmoja, hugeuka upande wa pili, huchimbua hadi akute chuma safi cha mshono wa kwanza, ndipo amalizie. Akifanya hivyo hakuna ufa unaobaki katikati.

Kabla ya kuwasha moto, fremu inapaswa kurudishwa kwenye mnyooko wake kwa jeki na kupimwa kwa kamba kutoka kona hadi kona. Vipimo vya mishazari miwili vikilingana, fremu imenyooka. Ukichomelea fremu iliyopinda, umeifunga ikiwa imepinda, na kila gurudumu au diski itavuta upande wake.

Mshono hujazwa kwa tabaka, na magamba ya kila tabaka hugongwa na kupigwa brashi ya waya kabla ya tabaka linalofuata. Ukimalizika, husagwa ulingane na chuma cha awali, grainda ikipelekwa kwa kufuata urefu wa boriti na siyo kuikata. Mikwaruzo inayokatisha boriti ni mianzo ya nyufa nyingine. Na kamwe usimwage maji kwenye mshono wa moto ili upoe haraka. Maji hukifanya chuma kiwe kigumu kama kioo, na kwa sababu hiyo huwa rahisi kupasuka.

Namba kwenye kijiti

Wamiliki wengi wa mitambo hawajawahi kuuliza fundi anatumia kijiti gani, ingawa jibu limeandikwa kwenye pakiti. Kijiti kinachopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi ni 6013. Hicho ni kizuri kwa mabomba ya mageti na mabati, kwa kuwa huwaka kirahisi na mshono wake hupendeza, lakini moto wake hauzami sana kwenye chuma kinene.

Kwa fremu zinazobeba mzigo kijiti kinachofaa zaidi ni 7018. Tarakimu mbili za mwanzo zinaeleza nguvu ya mshono, yaani pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, wakati 6013 ni pauni 60,000. Hata hivyo, faida yake kubwa ni kwamba mshono wake hunyumbulika na huingiza haidrojeni kidogo sana kwenye chuma.

Haidrojeni ni adui asiyeonekana. Hutokana na unyevu, rangi na grisi, huingia kwenye chuma kikiwa kimeyeyuka, kisha hutafuta pa kutokea chuma kinapopoa. Ndiyo maana mshono unaweza kupendeza jioni na asubuhi ukakutwa na ufa pembeni yake, ingawa mtambo haujaguswa. Kwa sababu hiyo vijiti vya 7018 huhifadhiwa pakavu na vyenye joto. Pakiti ikikaa wazi wiki nzima msimu wa mvua, vijiti hivyo hupoteza sifa yake hadi vikaushwe upya kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 300 na zaidi, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji.

Jambo jingine ni mashine. Mashine nyingi za mitaani ni transfoma zilizosukwa hapa hapa nchini. Zinafanya kazi nzuri kwa 6013, lakini baadhi hazina volti za kutosha kushikilia moto wa 7018, hasa umeme unapokuwa mdogo jioni. Kijiti kikiwa kinazimika na kuganda kila mara, fundi atarudi kwenye kile alichokizoea. Mwenye kazi kubwa ya chasisi ni vyema atafute karakana yenye mashine inayomudu kijiti hicho, hata kama itambidi asubiri siku moja.

Bamba kubwa siyo dawa

Baada ya kuunga ufa, wengi hutaka fremu iimarishwe, na hapo hufanyika kosa la pili. Mwenye mali huleta bamba nene kuliko fremu yenyewe, fundi hulikata mraba na kulichomelea kulizunguka pande zote nne. Kwa macho, kazi hiyo inaonekana imara mno. Baada ya miezi michache fremu hukatika tena, safari hii pale pale bamba linapoishia, kwa mstari ulionyooka kana kwamba imekatwa kwa msumeno.

Sababu ni kwamba sehemu yenye bamba imekuwa ngumu haikunjiki, na ile isiyo na bamba bado inakunjika. Mkunjo wote umehamia mpakani, na mpakani ndipo fundi alipoweka mshono unaokatisha boriti. Ufa haukuponywa, bali umehamishwa.

Bamba zuri halizidi unene wa fremu linayoisaidia. Ncha zake hukatwa kwa mshazari au kuchongwa kama jani ili nguvu ihame kidogo kidogo. Mishono hufuata urefu wa boriti na huishia kabla ya kufika kwenye ncha, bila kukatisha boriti kwa upana. Kama mabamba ni mawili, moja kila upande, ncha zake zisiishie mahali pamoja. Na fundi huchomelea vipande vifupi kwa kurukaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ili joto lisikunje fremu.

Kwa malori tahadhari ni kubwa zaidi. Mihimili ya chasisi zake mara nyingi ina umbo la herufi C, na mingi ni ya chuma chenye nguvu nyingi kilichopitishwa kwenye moto maalumu kiwandani. Kingo za juu na za chini za mhimili huo ndizo zinazobeba mzigo, hivyo watengenezaji hukataza kuzitoboa au kuzichomelea, na baadhi yao hubandika onyo hilo kwenye chasisi yenyewe. Nyongeza hufungwa kwa bolti kwenye ukuta wa kati wa mhimili.

Vyuma vya kuimarishia navyo si vya kuokota. Majani ya springi za malori na vipande vya reli huonekana kuwa ni chuma kigumu kinachofaa, lakini ugumu wake unatokana na kaboni nyingi, na chuma cha aina hiyo kikichomelewa kwa njia ya kawaida hupasuka kando ya mshono. Zaidi ya hapo, reli ni mali ya umma, na anayeinunua kama chuma chakavu anajitafutia kesi.

Mwisho kabisa, hakuna bamba linaloweza kushinda sababu iliyovunja fremu. Tela lililoongezwa mbao pembeni ili libebe magunia zaidi litavunja fremu mpya kama lilivyovunja ya zamani. Dereva anayekata kona diski zikiwa ardhini, au anayekimbiza trekta kwenye makorongo jembe likiwa limening'inia nyuma, anapaswa kuelimishwa kabla fundi hajalipwa.

Trekta lisilo na chasisi

Lipo jambo ambalo wanunuzi wa matrekta ya mitumba hulijua wakiwa wameshachelewa. Matrekta mengi yaliyozoeleka, kama Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960, hayana chasisi kama ya lori. Injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma zimeungana kwa bolti, na zenyewe ndizo uti wa mgongo wa trekta. Mpango huo ulienezwa na trekta la Fordson la Henry Ford, lililoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917.

Nyumba hizo ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, ambacho mafundi hukiita kasti. Kasti ina kaboni nyingi na hainyumbuliki. Fundi akiichomelea kwa 6013 au hata 7018 kama anavyochomelea boriti ya jembe, atasikia mlio wa kupasuka kabla hata hajavua kofia.

Kasti huungwa kwa vijiti vya nikeli, ambavyo bei yake ni kubwa, kwa mishono mifupi ya sentimita mbili au tatu. Kila mshono hugongwa gongwa taratibu kwa nyundo ndogo ukiwa bado na moto, kisha huachwa upoe kabla ya kuweka mwingine. Njia nyingine ni kupasha kipande chote moto, kukiunga, halafu kukifukia kwenye majivu au chokaa ili kipoe polepole hadi kesho yake. Pamoja na ufundi wote huo, nyumba ya giaboksi iliyopasuka mahali panapobeba uzito wa trekta ni afadhali ibadilishwe.

Kwa hiyo anayekwenda kununua trekta la mkononi aingie chini na tochi na kitambaa. Mshono wowote kwenye kasti ni sababu ya kushusha bei, au kuondoka.

Visivyopaswa kuchomelewa

Vipo vyombo ambavyo fundi mwaminifu huvikataa hata akiongezewa fedha. Cha kwanza ni fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka. Fremu hiyo imetengenezwa ikunjike kwa kiasi maalumu, na ikishapasuka au kupinda hubadilishwa nzima. Vya pili ni mikono na viungo vya usukani. Vya tatu ni majani ya springi, na vya nne ni diski za jembe, ambazo ni chuma kigumu kinachopasuka kwa joto.

Cha tano ni ringi ya gurudumu ikiwa na tairi. Joto la kuchomelea huifanya hewa na mpira ndani ya tairi kuzalisha gesi, na tairi hulipuka kama bomu. Kutoa upepo peke yake hakutoshi, kwani tairi lazima livuliwe kwenye ringi. Vivyo hivyo tangi la mafuta lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani.

Kwenye trekta au lori zima, betri ifunguliwe nyaya zake kabla ya kuanza, na oltaneta itenganishwe. Mitambo mipya yenye kompyuta inahitaji tahadhari zaidi. Waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ukibanwa mbali, umeme hupita kwenye beringi na kuziunguza, na mwenye trekta hatajua kwa nini beringi mpya imekufa.

Hesabu ya rahisi na ghali

Tuchukue mfano wa hesabu tu, na kila msomaji aweke takwimu zake. Tuseme trekta la kukodisha humwachia mwenyewe Sh200,000 kwa siku baada ya kutoa dizeli na posho ya dereva. Boriti ya jembe imepasuka. Fundi wa kwanza anataka Sh20,000 na anamaliza kwa saa mbili. Fundi wa pili anataka Sh150,000 pamoja na vijiti na bamba, na jembe litalala kwake siku nzima.

Mwenye trekta anachagua wa kwanza. Boriti inakatika mara tatu msimu huo, na kila mara inamgharimu siku moja ya kazi. Amelipa mafundi Sh60,000 na kupoteza Sh600,000, jumla Sh660,000, na bado boriti ni mbovu. Angechagua wa pili angetumia Sh150,000 na kupoteza siku moja ya Sh200,000, jumla Sh350,000, na msimu ungekwisha salama.

Hesabu hiyo haijamgusa mkulima mdogo aliyekuwa akisubiri kulimiwa. Kwake siku tatu za mvua za kwanza zikipita ardhi haijaguswa, hasara yake itaonekana kwenye gunia wakati wa mavuno. Yeye hana trekta, hana fundi wala hajui 7018 ni nini, lakini mshono mbovu umemfikia.

Macho na mapafu ya fundi

Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja usiku, mtu akihisi mchanga umejaa machoni. Miwani ya jua haizuii chochote. Fundi anahitaji kofia yenye kioo cheusi cha daraja linalotakiwa, ambalo kwa kazi za kawaida za vijiti ni namba 10 au 11, pamoja na glovu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Kuchomelea bati lililopakwa zinki mahali pasipo na hewa huleta homa. Watoto wanaosimama kutazama wafukuzwe, kwa maana macho yao ndiyo huumia zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Karakana ndogo ya mtaani yenye vijana watatu wanaojifunza nayo ni mahali pa kazi.

Nini kifanyike

Babati haikosi pa kuanzia. VETA ina chuo chake cha mkoa huo mjini hapa, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Arusha, umbali wa kilomita kama 170, wapo CAMARTEC wanaoshughulika na zana za kilimo na TEMDO wanaosanifu mitambo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ipo kwa wanaotaka kukuza karakana zao.

Mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuungana wakanunua kwa pamoja mashine moja nzuri na tanuri dogo la kukaushia vijiti, vitu ambavyo mmoja peke yake atavihesabu kuwa anasa. Wenye matrekta nao wana wajibu wao. Walete mtambo mapema, wakubali kulipia kazi ya kuchimbua ingawa haionekani, na wawe na daftari la kila tengenezo likionyesha tarehe, mahali ufa ulipokuwa, kijiti kilichotumika na aina ya bamba. Ufa ukirudi, daftari hilo litasema kama tatizo ni mshono, bamba au dereva.

Na kabla ya kuondoka kwa fundi, mwenye mali aulize maswali matatu: Ufa uliishia wapi? Umeuchimbua hadi chini? Kilichousababisha ni nini? Fundi anayejibu yote matatu anastahili fedha yake. Asiyejibu amepaka rangi ya moto juu ya ufa ule ule, nao utaendelea kutambaa hadi siku jembe au tela litakapokuwa na mzigo mkubwa kuliko siku zote.